Namba ya Siri Uliyoondoka Nayo

Nyumbani,
Chumba cha mbele,
Jumapili mchana.

Mpendwa Kaka,

Shikamoo. Hujambo wewe, wifi yangu na watoto? Na kile kifua chako kimepona, au bado unakohoa na kusingizia vumbi la kazini? Sisi huku hatujambo. Mama ni mzima, miguu tu ndiyo inamsumbua akikaa sana. Baba anaendelea, na habari zake hasa ndizo zilizonikalisha chini niandike. Mimi nipo, mikono imebabuka kwa mvuke wa pasi kama ilivyo kawaida yetu madobi, na hasira ninazo za kutosha. Kwa hiyo vuta kiti kabisa.

Barua hii anakuletea jirani yetu muuguzi, anayekuja huko kwenye mafunzo. Nimemwomba akukabidhi mkononi na asubiri mpaka uifungue mbele yake. Sina njia nyingine. Simu yako inaita mpaka inakata, na nikikuandikia ujumbe unajibu neno moja tu, "nitakupigia". Kaka, wimbo huo nimeshaukariri.

Shida yangu ni king'amuzi chako cha kurekodi. Najua ulikileta kwa moyo mweupe. Lakini ulikifunga harakaharaka, teksi inakupigia honi nje, ukaweka namba ya siri unayoijua peke yako, ukampangia Mama tamthilia zake zijirekodi zenyewe kila siku, kisha ukasema, "Sasa mtafaidi!" Ukapanda teksi na namba yako kichwani. Tumefaidi kweli.

Unakikumbuka kile kipindi cha mafundi wa zamani? Watu wa televisheni walimfuata Baba dukani, wakamkuta na kioo chake jichoni anafungua saa ya mteja. King'amuzi kilikirekodi. Wakati ule tulikitazama, tukamtania Baba kwa lile shati alilolivaa, tukakisahau. Baada ya kiharusi kumpiga na kumnyang'anya maneno, Mama ndiye aliyekikumbuka.

Yule dada wa hospitali anayemfundisha Baba kuongea upya alipokiona alifurahi kuliko sisi sote. Alisema mwalimu wa kumfaa Baba ni Baba mwenyewe. Tucheze sentensi moja, tusimamishe, aitazame midomo yake, ajaribu, turudishe nyuma, ajaribu tena. Tumeanza na ile ya kumkaribisha mtangazaji: "Karibu, kaa hapo, ila usiguse meza."

Kusema ni rahisi, Kaka. Kitufe cha kurudisha nyuma ukikigusa kidogo kinajifanya hakijasikia, ukikibana kinakurudisha mpaka kwenye matangazo ya sabuni. Baba anabaki amefungua mdomo, anasubiri, na mimi natafuta sentensi kama mtu aliyedondosha sindano. Nimekosea weee, mpaka nikagundua kwamba ukisimamisha kwanza ndipo ubonyeze mshale, kinarudi nyuma kidogo tu. Nimejifunza pia kuweka alama mahali sentensi inapoanzia, ili kiruke hapohapo. Kucheza polepole nako kupo, lakini picha inatembea na sauti inapotea, na sisi sauti ndiyo tunayoitaka! Haya yote ulipaswa kutuonyesha wewe.

Sasa sikia ya Mama. Alisikia kwamba kinachofutwa humo hakirudi, akapiga marufuku kufuta chochote. Chochote, Kaka. Mpira uliokwisha kuchezwa, utabiri wa mvua iliyonyesha zamani, bwana mmoja anayefundisha kupaka ukuta rangi, wote walikuwa wamo. Hofu yake ni kwamba kidole cha mtu kingeteleza kikamfuta Baba. Rimoti akawa anaifungia kwenye mkoba wake wa hospitali, na ukiitaka unahojiwa kama mtu anayeomba likizo.

Basi siku moja king'amuzi kikaandika kwamba nafasi imejaa na rekodi ya zamani zaidi itafutwa. Nilimwita fundi wa antena wa hapo kona. Akatueleza kwamba kikijaa hakiombi ruhusa, kinafuta chenyewe cha zamani kuliko vyote ili kipate pa kuweka kipya. Na cha zamani kuliko vyote humo ni Baba. Yaani Mama, kwa kumlinda asifutwe, ndiye aliyekuwa anamsogeza mlangoni! Aliposikia hivyo akafungua zipu ya mkoba, akanipa rimoti, akasema, "Futa, mwanangu. Futa hata zangu." Nikafuta mpaka kidole kikaniuma, naye pembeni anaziaga tamthilia zake kwa majina.

Usidhani yameisha. Tamthilia ulizozipanga bado zinajirekodi kila siku, na kuzizuia kunataka namba ya siri. Kumfungia Baba kufuli ili asifutike, namba ya siri. Nimejaribu mwaka uliozaliwa, mwaka wa harusi yako, namba ya nyumba yetu ya zamani, hata namba ya jezi uliyokuwa ukiivaa shuleni. Kinakataa, kisha kinanifungia nje nikatulie kwanza, kama mtoto mtukutu. Fundi anasema anaweza kukirudisha kilivyotoka dukani, ila kitafuta vyote. Kukihamishia kipindi kwenye kifaa kingine nako hakikubali, kilichorekodiwa humo hufunguka humo tu. Nimejaribu kumrekodi kwa simu kutoka kwenye kioo cha televisheni, nikapata sauti ya mtu aliyefunikwa sufuria.

Kwa hiyo kila nikitoka kazini kazi ya kwanza ni kufuta yaliyoingia mchana. Mama anaogopa kukigusa. Juzi tuliletewa mashuka ya hoteli nzima, nikachelewa, nikarudi nyumbani mbio, roho mkononi. Nilimkuta Baba bado yumo. Lakini haya si maisha, Kaka.

Alhamisi uvumilivu ulinishinda. King'amuzi kiligoma kucheza, mara kinazunguka, mara kimeganda, na Baba keshakaa tayari. Nikakiinulia mkono nikipige kofi. Nyuma yangu nikasikia, "Usiguse!"

Alikuwa Baba. Neno zima, limenyooka, na ukali wake uleule wa dukani. Mama alitoka jikoni mbio na mfuniko mkononi, akanikuta nimeganda na mkono juu. Tukamwomba aliseme tena, akajaribu, likakwama, akalia. Mimi nililia kumshinda. Lakini lilitoka, Kaka, na kama lilitoka mara moja liko humo.

Sasa nikuambie kinachonikera kuliko king'amuzi. Najua kwa nini hupigi. Ulipopiga baada ya Baba kutoka hospitali, akajitahidi akutolee neno, zikatoka zile sauti, ukaniomba nichukue simu. Ukaniambia huwezi kumsikia vile, bora umkumbuke alivyo kwenye kipindi. Yeye alikuwa amekaa karibu yangu, simu bado iko kwenye spika, na masikio yake ni mazima. Tangu siku hiyo simu yangu ikiita anageuza shingo, akiona si wewe anaangalia ukuta. Imeniuma, na bado inaniuma ninapoandika.

Halafu umpe asante yule dada wa hospitali, maana haongei mengi ila anajua kazi. Anasema kwa Baba hesabu inatoka kwa urahisi kuliko maneno. Wakihesabu pamoja kwa vidole, mara nyingi Baba anamaliza mwenyewe.

Mama anakusalimu sana na anauliza kama unakula vizuri. Fundi wa antena anakusalimu pia, anasema siku nyingine usifunge waya namna ile. Mpe wifi salamu zangu za dhati, na watoto uwaambie shangazi yao Pilipili anawabusu mmoja mmoja. Mungu awalinde mtokapo na muingiapo, na kifua chako akiondolee hilo vumbi.

Hiyo namba, sasa, usinitumie mimi. Usimpe muuguzi, wala usiiandike kwenye ujumbe. Piga simu jioni nikiwa nimetoka kazini, uombe kuongea na Baba, umtajie yeye, tarakimu moja moja, usubiri. Atachelewa. Atakosea, na utazisikia zilezile sauti ulizozikimbia. Usikate. Mimi nitakuwa nimekaa mbele ya king'amuzi na rimoti mkononi, na nitabonyeza ile tu atakayoitamka Baba.

Wako akupendaye, japo leo kwa kununa,
Mdogo wako,
Pilipili