Mzee Anaamini Benzi Zote ni Moja

Mpendwa Mama Mshauri, pokea salamu kutoka Munyaka, Eldoret, na nisaidie haraka kwa sababu furaha niliyo nayo imechanganyika na woga. Mimi ni fundi wa magari, umri miaka ishirini na nane, na Mungu akipenda nitamuoa Chelimo, mwalimu wa shule ya msingi kule Ainabkoi. Babake nitamwita Mzee Kipyego, ingawa si jina lake. Ni mkulima wa ngano, na ingawa mimi si wa kabila lao alinikubali kwa sababu ya kazi yangu, ati kijana anayejua injini hawezi kulala njaa.

Sasa Mama, mwaka huu wa 1987 ngano ilikubali, na Mzee akasema lazima anunue Benzi kama ya chairman wa ushirika wao. Chairman ana 280, ile kubwa kabisa, ndefu, ukikaa nyuma unanyoosha miguu yote. Tukapelekwa kwa Mzungu mmoja, mwalimu, aliyekuwa akirudi kwao, na hapo nyumbani kwake kulikuwa na 190, ile Benzi yao ndogo, nyeupe, safi kama sahani. Mama, nilifungua boneti nikamwomba Mzungu aiwashe! Ile injini, haki ya Mungu, iliwaka mara moja ikatulia hata nikadhani imezima. Nikasahau kila kitu kingine. Na hawa Wajerumani nao wana mambo yao, wanatengeneza ndogo, ya katikati na kubwa, halafu wanazipa uso mmoja, grili ile ile, nyota ile ile, na taa karibu zilingane, ukisimama mbele huwezi kujua hii ni mtoto au ni baba mpaka uzunguke ubavuni.

Mzee hakuzunguka. Alisimama mbele, mikono mgongoni, akaangalia ile grili muda mrefu, akaniuliza, "Mtoto wangu, hii si ndiyo ile ile ya chairman?" Ilikuwa mara ya kwanza kuniita mtoto wake. Nikasikia joto kifuani nikajibu, "Ndiyo Mzee, ni ile ile." Akalipa siku hiyo hiyo. Tuliposimama njiani kutia petroli nikajaribu kumwonyesha ile 190 iliyoandikwa nyuma ya gari, akacheka, akasema hiyo ni spidi tu, chairman anapenda kukimbia mpaka 280 lakini yeye ni mtu mzima, 190 inamtosha. Nikarudi kwenye usukani tukaenda.

Sasa ameita pasta aje kuiombea gari Jumamosi ya mwisho wa mwezi, watu waweke mikono juu ya boneti, chai na mursik, yale maziwa yao ya kibuyuni, iko tayari, na baada ya maombi atatangaza uchumba wetu. Chairman amealikwa. Mzee anataka gari zote mbili zisimame bega kwa bega, halafu mimi kama fundi nisimame mbele ya watu nieleze kwamba ni ndugu sawa. Chelimo ameshashona nguo, anaimba nyumba nzima, hajui lolote. Nami nikimwona Mzee akiipangusa ile gari kwa kitambaa chake mwenyewe nafurahi na kuumia wakati mmoja. Nifanye nini, Mama? Nisimame niseme ni sawa, ama nijifanye mgonjwa siku hiyo?

Fundi, Munyaka

Fundi, nimecheka mpaka msichana wangu wa ofisini akaja kuniangalia. Hongera kwa uchumba! Sasa kaa chini nikugombeze.

Mambo ya Wajerumani hayakuhusu. Hata BMW ni hivyo hivyo, kuna ya tatu, ya tano na ya saba, na zote zina pua mbili zile zile. Kiwanda kimeamua watoto wake wafanane, basi. Mzee alifanya alichoweza kufanya mkulima. Hakuyajua magari, akaleta mtu anayeyajua. Alikuuliza wewe. Na wewe, kwa kuitwa mtoto wake mara moja tu, ukamdanganya kama mtu wa soko. Aibu, ndugu yangu, na ninakuambia hivi kwa kuwa ninaona unampenda yule Mzee.

Kujifanya mgonjwa, wacha kabisa. Na kusimama mbele ya pasta ukisema ni sawa, thubutu! Chairman akikaribishwa tu kiti cha nyuma cha gari la Mzee, magoti yake yatakavyobanwa yatasema yote.

Fanya hivi. Jumanne mwambie Chelimo kwanza, asije akaona umemficha. Halafu panda kwa Mzee mchana, peke yako, umwombe akae kiti cha nyuma cha gari lake mwenyewe. Mwambie, "Mzee, hii ni ndogo, ile ya chairman ni kubwa. Nilijua, nikakosa kusema kwa sababu uliniita mtoto wako, nikaogopa kulipoteza jina hilo." Usiongeze hadithi. Baada ya hapo ndipo umwambie mazuri yake, nayo ni mengi, kwamba injini ni nzima, kwamba hailambi petroli kama ile ndefu, na kwamba fundi wake hatatoka mbali. Akikasirika, usikimbie. Kaa hapo hapo ukasirikiwe mpaka amalize.

Pengine atakurudisha Munyaka bila mchumba. Sitakudanganya, anaweza. Lakini Fundi, Mzee atajua tu, Jumanne au Jumamosi ile ya maombi. Kilichobaki mikononi mwako ni kama ataambiwa na mtoto wake kando ya boma, au na chairman, mbele ya watu wote, akicheka.