Swali la Nane

Mwanangu,

Naipitisha barua hii kwa shangazi yako, maana mliko sikujui. Mimi mzima, ila magoti yananinung'unikia.

Bado natunza vishikwambi vya darasa la tatu. Akaunti ya mtoto isiyofunguliwa mwezi mzima hufutwa, na leseni yake ya kutumia programu ya hesabu hupewa mtoto mwingine. Tangu mwondoke, kila Jumatatu naingia kwenye akaunti ya mjukuu wangu na kujibu swali moja la hesabu, nafasi yake isipotee.

Juzi nilikuta maswali saba ya zoezi jipya yamejibiwa. Sikuyajibu mimi. Je, ni yeye, huko aliko? Au ni mtoto wa hapa aliyegusa picha yake ya kuingilia kimakosa? Nimemuuliza mwalimu, akacheka: "Babu, umejibu ukasahau!" Kisha akasema kuna mtoto mgeni anayengoja leseni, nimpe hiyo mwisho wa mwezi.

Sikuulizi kwa nini mliondoka bila kuaga. Aliyehamahama maisha yake yote kama mimi hana mdomo wa kulaumu. Mwambie tu nimemwachia swali la nane. Mahali pa jibu aandike jina aliloupa mkongojo wangu. Hapa hakuna mwingine alijuaye.

Baba yako, ambaye bado hajafuta.