Familia Tano Chini ya Bati Moja

Jumatatu, 3 Februari
Zoezi la kugeuza neno kinyumenyume limepita. Limenitoa jasho. Hii lugha ya kompyuta, JavaScript, haina huruma, ukisahau mabano inakununia. Naipenda hivyo hivyo. Mwalimu Gaspard amesema atakayefika Ijumaa akiwa na kijani, alama ya kupita, kwenye mazoezi yote ndiye atakayepata kiti cha hatua ya pili ya kozi. Kiti kimoja. Nakitaka.

Jumanne, 4 Februari
Zoezi jipya: pokea majina ya watu, hesabu familia. Kanuni yao: wenye jina moja la ukoo ni familia moja. Mistari michache, kijani. Rahisi mno. Nikaijaribu programu hiyo kwa watu wa nyumbani kwetu, mtaa wa Buyenzi. Baba Ndikumana, mama Nahimana, mimi Irakoze, kaka yangu Nshimirimana, mdogo wetu Bigirimana.

Jibu: familia 5.

Nimecheka. Halafu nimekasirika. Huku kwetu kila mtoto hupewa jina lake mwenyewe. Tumbo moja, sufuria moja, majina mbalimbali. Eti sisi ni wapangaji!

Jumatano, 5 Februari
Nimeandika upya. Sasa inauliza kwanza mama ni nani, baba ni nani, ndipo ihesabu. Kwetu: familia 1. Safi kabisa. Mashine ya kusahihisha: nyekundu, juu hadi chini. Mifano yao haina wazazi.

Kaka amenishangaa. "We andika tu vile mashine inataka, upite. Mi siyaona mutu anagombana na mashine."

"Apana," nimemjibu. Amekwenda zake gereji anatikisa kichwa.

Alhamisi, 6 Februari
Programu ya kwanza bado ninayo. Ni kubofya tu kuiwasilisha. Kiti bado nakitaka.

Sibofyi.

Ijumaa, 7 Februari
Nimewasilisha nyekundu yangu. Mwalimu amenivuta pembeni. "Irakoze, ni exercice tu. Badilisha, kiti ni yako."

Nimemwomba aweke majina ya watoto wake kwenye programu ya kwanza. Ameyaweka. Kila mtoto familia yake. Ameangalia skrini, amekohoa. "Najua," amesema. "Lakini points zinatoka kwa mashine."

Kiti amepewa Fabrice. Hana kosa, ameandika alichoombwa. Nimetembea kutoka darasani, mtaa wa Asiatique, hadi nyumbani nikilia hadharani. Waliotaka kutazama wametazama. Inauma. Wakiniletea zoezi lile kesho nitaandika vilevile.

Jumapili, 9 Februari
Baada ya misa. Mama anachambua maharage. Nimemwonyesha kompyuta: familia 1. Kuhusu kiti hajaniuliza. Amefuata majina kwa kidole, moja moja, polepole.

"Na Inamahoro?"

Dada yetu. Alifariki kabla sijazaliwa, nyumbani hatajwi. Nimeandika jina lake. Mama yake, baba yake. Nimebofya.

Familia 1.

Nimetaka kufunga kompyuta niende kuchota maji.

"Usizime kwanza," amesema mama.