Mwenge Alioufukia Baba

Claudia, nimetoka uwanjani Newala sasa hivi.

Si unajua walinichagua nikimbize mwenge wa michezo ya kimataifa kwa niaba ya baba, maana aliwahi kuukimbiza Mwenge wa Uhuru miaka ya vita vya Msumbiji. Nimeushika tu, Modest mshereheshaji akasema kwenye kipaza sauti: "Dada Dominika, usije ukatuzimia mwenge kama mzee wako."

Uwanja mzima ukacheka. Arobaini ya baba haijafika, na watu wanacheka.

Ukatuzimia. Kana kwamba baba alizembea. Usiku ule kijiji kizima kilijipanga barabarani kuulaki, akasikia ndege za Wareno zinazopiga mabomu mpakani. Akaufukia mchangani wasiuone mwanga, akawafukuza watu wakajifiche mikoroshoni. Ndege zikapita. Wanakijiji wakamsimanga kwamba alizima mwenge, mpaka amekufa.

Nimekimbia, nimefika, haukuzima. Modest akanipa mkono: "Hongera, dada. Leo umemsafisha mzee."

Umemsafisha. Nimsafishe nini, Claudia?

Mama mzazi wa huyo mshereheshaji alinisimulia msibani kwetu, kwamba usiku ule alikimbilia mikoroshoni na mtoto mchanga mgongoni.

Mtoto huyo ndiye Modest.