Jina Lililoitwa Uwanjani Kinoru

Majengo, Meru
20 Juni 1955

Kwa ndugu yangu Munyi,

Salamu nyingi. Sisi huku hatujambo, ila mtoto wa pili anakohoa, na nyama haiuziki vizuri tangu watu wakatazwe kutembea jioni. Wewe je? Kifua kimepoa?

Nimempa barua hii Mithika, dereva wa lori la ngozi, maana za posta zinafunguliwa na serikali.

Mama yangu, Mama Mashavu, amenitumia habari mbaya. Huko Embu wanasema mimi ndiye niliyemuuza Gichovi. Eti nilizaliwa Embu, nikaja kuchinja Meru, nikageuka Mmeru. Na siku timu yenu ilipotufunga tatu kwa moja hapa uwanja wa Kinoru nikaona uchungu, nikamnong'oneza askari kwamba huyo "Saad Sulemani" aliyefunga yote matatu ni Gichovi wa Karurumo, asiye na pasi ya serikali ya kuvuka mto Thuci. Tangu Gichovi akamatwe, mama anarudi nyumbani na maandazi yake yote. Wanawake wanapita mbele yake wakisema, "Leo sina hamu ya maandazi ya Meru."

Ya Meru! Unga wa hapo hapo sokoni, maji ya mto Rupingazi!

Ni kweli niliongea na askari wakati wa mapumziko. Alikuwa akiniuliza bei ya maini. Lakini wewe, karani wa timu, ulisimama mstarini hatua tano kutoka kwake hadi mwisho, na najua kila jambo unaliandika kwa tarehe katika daftari lako. Tazama tarehe 4 Juni. Kisha waambie watu.

Ndugu yako,
Idrisi


Embu
27 Juni 1955

Kwa ndugu Idrisi,

Nimepokea salamu zako. Kifua ni nafuu. Mpe mtoto asali na limau.

Nimetazama daftari. Nimeandika mabao na dakika zake, basi. Mengine hayamo.

Vumilia kidogo, watasahau. Ungeuona mji huu ungewahurumia. Kabla ya mechi ile, homugadi, askari wa serikali wa kijijini, na mzee mwenye mwana msituni kwa Mau Mau hawakuweza kunywa chai katika duka moja. Sasa mmoja akiingia anasema "Tatu!" na mwingine anajibu "Kwa moja!" Wachinjaji wa Majengo ya hapa Embu, makarani, wakulima wa kule juu, wote wanasema "sisi". Neno hilo sikulisikia hapa kwa miaka mitatu.

Kila asubuhi nanunua maandazi kumi kwa mama.

Ndugu yako,
Munyi


Majengo, Meru
18 Julai 1955

Munyi,

Natumaini u mzima. Sisi tunapumua.

Mama amefukuzwa kwenye benchi la uwanja wenu. Miaka kumi na miwili ameketi pale, jezi zenu anashona yeye, na juzi wamemwambia, "Nenda ukakae Kinoru kwa mwanao."

Anasema maandazi huyali. Unayatia mfukoni na kuondoka. Uliishi kwetu miaka minne ya shule, ukila sahani moja na mimi. Mama hanung'uniki juu ya biashara. Anauliza kwa nini Munyi hamtazami usoni.

Nami nauliza.

Idrisi


Embu
30 Julai 1955

Ndugu yangu Idrisi,

Nakusalimu, ingawa sijui kama utaipokea salamu yangu. Mama hajambo. Nimetoka kwake sasa hivi.

Nilikudanganya. Nanakili kama ilivyo katika daftari: "4 Juni. Dakika ya 71, bao la tatu. Nimeruka na kuita Gichovi! Gichovi! mara mbili. Askari amegeuka, ametazama orodha yangu."

Jina la Saad nililiandika mimi, kwa sababu Waislamu wa Majengo hawaulizwi pasi. Kofia nilimvika mimi. Tulicheka njia nzima kwenye lori, maana kila aliyemwambia "Salaam aleikum" alijibiwa "Mzuri sana". Alikuja kwa kuniamini mimi. Kisha furaha ikanitoa akili.

Jumatano niliisomea kamati ukurasa huo. Kapteni wetu Bundi akasema, "Karani, funga daftari."

"Lakini Idrisi hana kosa."

"Kama si Idrisi, basi ni sisi. Na sisi tuna mechi wiki ijayo. Unataka mji urudi ulivyokuwa?"

Hakuna aliyenitetea, na kwa kitambo kidogo nilishukuru. Hilo nalo liandike juu yangu.

Jana, Ijumaa, ni siku ninayobandika majina ya wachezaji kwenye mlango wa soko, na mji mzima huja kuyasoma. Sikubandika majina. Nilibandika maneno haya: "Gichovi aliletwa Kinoru na mimi, kwa jina la uongo nililoandika mimi. Aliyemtaja mbele ya askari ni mimi. Idrisi hakusema neno." Nikatia sahihi. Yakasomwa kwa sauti mara nyingi, na sauti zingine zilikuwa za kutukana.

Mama alisomewa. Nilipoingia kwake akaniambia, "Kaa." Nilikaa mpaka chai ikapoa.

Jumatatu naitwa ofisini kwa D.C., mkuu wa wilaya.

Munyi


Majengo, Meru
22 Agosti 1955

Kwa Munyi, kambi ya kizuizini,

Salamu. Barua hii itasomwa na wengine kabla yako, nami sina la kuwaficha.

Wanawake wamerudi kwa mama. Saa mbili asubuhi sinia ni tupu. Kila anayenunua anaulizwa na mama, "Alipochukuliwa Munyi, ulisema nini?" Wanalipa haraka na kuondoka. Benchi wamempa tena, lakini amekataa kulikalia. Gichovi bado hajaachiwa. Mkewe alikuja dukani kwangu akidhani nina habari, nikamfungia kilo mbili za nyama.

Timu yenu imefungwa mara mbili mfululizo, na Mithika anasema watu wa Embu sasa wanakunywa chai kila upande dukani kwake.

Neno la kusamehe nimelitafuta, sijalipata. Lakini nimelipata jingine: nilikusukuma. Nilitaka jina langu lisafishwe, sikujiuliza litasafishwa kwa gharama ya nani. Sasa nalitembeza safi hapa mjini, watu wananisalimu kwa heshima, nami natamani wasinione.

Mama anauliza jambo moja tu: wanakupa chakula? Jibu hata kwa mstari mmoja.

Hii ni barua ya tatu ninayokutumia kambini, na sijapata jibu.

Ndugu yako,
Idrisi