Risasi Niliyoisugua Mpaka Ikang'aa

Dada Mwende, mimi na Kioko tunakusalimu sana kutoka Kware.

Shemeji yako Mutua amefungiwa na askari wenzake. Eti bunduki yake ya kazi ndiyo ilipiga risasi mbili nyumbani kwake mwenyewe, mtoto wake akiwa kitandani! Sasa hiyo ni akili?

Mtaalamu wa bunduki wa polisi alikuja kuchukua ile risasi niliyookota kwa godoro. Kumbe kila bunduki huiachia risasi mikwaruzo yake. Na mimi, mke msafi, nilikuwa nimeisugua na majivu, mikwaruzo yote ikafutika. Mtaalamu akashika kichwa:

"Mama Kioko, umeing'arisha kama sufuria ya wageni!"

Ya pili ilikuwa kwa fremu ya mlango. Ameichimbua mwenyewe, mimi mikono nyuma. Kesho wanailinganisha na bunduki ya Mutua, ndipo ijulikane kama ilitoka kwake au la.

Mwambie Mama atuombee, na aache kusifu usafi wangu. Nawapenda.