Tanuri la Mama na Damu ya Baba

Mpendwa mshauri Orathai, nakuandikia nimesimama kwa sababu kukaa kumenishinda, leo siku ya kumi na moja, naosha vyombo visafi, nafagia palipofagiliwa, mume wangu akiniuliza nina nini namwambia ni joto, na wewe usiponisaidia sijui nimwendee nani.

Naitwa Wilaiwan, nina miaka thelathini na tisa, wa hapahapa mjini Trang, kusini mwa Thailand. Mama yangu alikuwa na tanuri la nguruwe wa kuchoma, watu walipanga foleni alfajiri, na mlaji wake wa kwanza alikuwa baba, kila asubuhi sahani yake na kahawa, mpaka siku alipoanguka kwa moyo akiwa na miaka arobaini na tano, hata hospitali hakufika. Msibani shangazi Kim Hua, dada yake baba, alitangaza mbele za watu kuwa mafuta ya nguruwe ndiyo yaliyommaliza kaka yake. Mama akalibomoa tanuri kwa mikono yake akaanza kuuza mboga, na kila mwaka shangazi akija kumwashia baba ubani huyarudia yaleyale, na mama huinamisha kichwa.

Sasa mwaka huu nilikwenda kupima damu, na makusudi nilingoja zile siku tisa za sikukuu yetu ya kula mboga tupu ziishe ili majibu yatoke mazuri, wengi tunafanya hivyo, usinicheke. Mafuta ya kawaida yalikuwa sawa, nikaanza kutabasamu, kumbe daktari alikuwa ameongeza kipimo kingine kwa sababu nilimtajia habari za baba, cha aina fulani ya mafuta ya damu, na hicho kimepanda mara tatu ya kawaida. Nikamwambia mbona sijagusa nyama siku tisa.

“Dada, hiki hakijali umekula nini,” akasema. “Umezaliwa nacho.”

Akauliza nani mwingine kwenye ukoo alikufa mapema kwa moyo, nikamtaja baba mdogo, aliyemfuata baba kaburini miaka mitano baadaye, na yeye nyama alikuwa haigusi kabisa. Akasema basi huenda kitu hiki kimetoka upande wa baba, na ndugu zangu wapimwe; leo ni siku ya kumi na moja tangu hapo.

Ndugu ninaye mmoja tu, kaka yangu Kriangsak, miaka arobaini na tatu, anajiandaa na mbio za hisani za mwezi ujao, mzima kabisa, ila juzi alilalamika taya linamuuma akipanda ngazi za ofisini na likitulia akipumzika, nikampa mafuta ya kuchua. Nikimwambia kaka, mama atajua, na mama akijua nimekwisha, maana mshauri, shangazi hakuwa wa kwanza kusema. Wa kwanza ni mimi. Nilikuwa na miaka kumi na saba, nimesimama kando ya jeneza, nikamwambia mama, “Tanuri lako ndilo lililomuua baba.” Shangazi alidakia tu. Mama hajanikumbusha hata siku moja. Je, ninyamaze mpaka mbio za kaka zipite?

JIBU

Wilaiwan, mwanangu, barua yako imejaa mama na shangazi, na kaka yako umemtupia sentensi moja. Nilipoifikia niliacha chai. Mtoto wa baba yule, miaka arobaini na tatu, taya linauma akipanda ngazi na linatulia akipumzika, nawe unampa mafuta ya kuchua! Moyo unaobanwa huweza kuuma kwenye taya. Nimepiga namba uliyoandika kwenye bahasha, hukupokea, nikakuachia ujumbe. Kama hujauona, weka gazeti chini umpeleke hospitali sasa hivi. Asiendeshe gari mwenyewe, na asikuambie anamalizia mazoezi kwanza. Daktari aambiwe habari ya taya, ya ngazi na ya baba.

Ulikuwa na miaka kumi na saba na umefiwa. Mtoto aliyefiwa hutafuta wa kumlaumu, hilo nakusamehe mara moja. La kunyamaza siku kumi na moja sikusamehe upesi hivyo, kwa sababu sasa wewe ni mtu mzima na karatasi ya majibu ilikuwa mkononi mwako.

Kipimo chenyewe usikigeuze hukumu ya kifo. Kinasema hatari iko juu, hakitaji tarehe. Chenyewe hakishuki kwa mboga, lakini presha, sukari na yale mafuta ya kawaida yanashuka, na daktari ana dawa zake. Wala usiende kutangaza sokoni kwamba nguruwe hana kosa. Sahani ya kila asubuhi haikumsaidia baba yako. Na ukome kuvizia siku za mboga ndipo ukapime, unamdanganya nani, sindano?

Kisha mama. Usianze na habari za damu. Kaa chini mbele yake, yarudie maneno yako yote ya siku ile, umwambie ulimkosea. Ndipo umweleze alichosema daktari, na shangazi awepo asikie. Akibisha, muulize baba yako mdogo, asiyekula nyama, aliuawa na tanuri la nani.

Lakini anza na kaka. Mama amengoja miaka ishirini na miwili, atangoja mrudi kutoka hospitali. Kaka hawezi kungoja.